Mejumaa na Nyumba ya Amini

Tangu nilipostaafu, mabinti wawili waliopokea kazi yangu barazani wamekuja nyumbani mara nyingi kuniuliza mambo ambayo hayaelezeki mlangoni kwa haraka, mtu kashika mwavuli na kiatu kimoja amekwisha kivaa. Niliwaambia nitaandika, na haya ndiyo niliyoandika. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa kazi hii ilikuwa na cheo kimoja tu, nikaingia nacho nikatoka nacho. Mshahara nao hauna hadithi.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya hamsini, wakati kadhi alipokuwa akija kukaa Msambweni kusikiliza mashauri ya watu wa Gazi, Bodo, Funzi na vijiji vya kati. Nilikuwa mjane, bado kijana, na nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu ilikuwa hatua chache kutoka barazani. Nadhani ni nyumba hiyo iliyonipa kazi zaidi ya akili zangu. Kadhi alihitaji mwanamke wa kukaa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, awatambue walio ndani ya buibui ili mtu asije akaapa kwa jina la mwingine, awakague miili yao panapokuwa na dai la kupigwa, awatulize wanaozimia na awaamshe wanaojizimisha. Watu walituita wanawake wa amini, yaani walioaminiwa na kadhi. Nilipomwambia mama yangu kuwa nimepata kazi barazani aliuliza ni nani aliyeniapia, akidhani nimeshtakiwa.

Aliyenifundisha alikuwa Bi Halima, aliyeifanya kazi hiyo kabla yangu mpaka magoti yakamkataa. Siku ya kwanza alinikabidhi vyombo vyangu: kigoda, mkeka, mtungi wa maji na kata yake, na taa ya chemli. Chumba cha kukagulia wanawake hakikuwa na dirisha, na Bi Halima alitaka kioo cha taa kisuguliwe kwa jivu kila asubuhi, kesi iwepo isiwepo. Akanikalisha ubavuni mwake. Akaingia mwanamke amejifunika gubigubi, akataja jina lake, na sauti ikafanana na jina. Bi Halima akamtazama miguu, akamwambia, "Mwanangu, kamwite dada yako aje mwenyewe." Dada yake ndiye aliyekuwa na shauri, naye aliona haya kuja. Mimi sikuwa nimeona kitu. Bi Halima alinieleza baadaye kuwa uso hufichwa, sauti huigwa, lakini hakuna mtu anayekumbuka kuificha miguu yake. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kutazama watu miguu, na tabia hiyo imenipotezea wachumba wawili.

Kanuni yake kubwa ilikuwa hii: mbele ya kadhi useme ulichoona na ulichosikia, ulichodhani urudi nacho nyumbani. Ya pili alinifundisha polepole, kwa kuwa haifundishiki siku moja. Alisema mtu mkali akijua anatazamwa hujipamba, kwa hiyo ukimkodolea macho yeye utaona mapambo tu. Mtazame aliye chini yake. Akishtuka, usiulize kashtuka nini. Rudi nyuma kidogo ukumbuke ni nini kilichotangulia.

Mashauri mengi yalikuwa mepesi. Mke mmoja wa Funzi alitaka talaka kwa sababu mumewe anakoroma, na kadhi, baada ya kumsikiliza mume akisinzia pale pale barazani, alimwonea huruma sana yule mke na akawashauri wajenge chumba cha pili. Walikuja watu kugombea kinu. Alikuja bibi mmoja kila msimu kumshtaki mkwewe, na nadhani alikuwa akija kupumzika. Lakini nyinyi mabinti mlionitaka niandike mlimtaja mtu mmoja kwa jina, kwa hiyo nisiwazungushe. Mlitaka habari za Mejumaa.

Mejumaa alikuwa binti wa Gazi. Baba yake alikufa mapema na aliyemlea ni mjomba wake, Mzee Suleimani, mwenye minazi na heshima zake. Kwetu sisi mjomba ndiye mtu hasa. Akamwoza Bodo kwa Bakari, mfanyabiashara wa boriti za mikoko, mtu wa kuswali safu ya mbele, mpole wa maneno, anayeitikia salamu ya mtoto kwa ukamilifu wake. Mara tatu Mejumaa alimkimbia akaenda Gazi kwa mjomba wake, na mara tatu mjomba alimshika mkono akamrudisha, kila mara kwa nia njema na kwa kapu la maembe. Mara ya nne hakufika Gazi. Alipofika Msambweni aliacha njia, akaingia barazani, akasimama mbele ya mlango wa wanawake bila kubisha hodi.

Nilimkagua mwenyewe kwa taa yangu. Sitaandika yote niliyoyaona, kwa kuwa ni mwili wake na bado yu hai. Nitasema tu kwamba mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika zamani ukaunga vibaya, na sikio la upande huo lilikuwa halisikii. Mgongoni kulikuwa na makovu ya zamani, na juu yake makovu mapya. Nilipomaliza nilimfunika, na yeye akaniuliza, "Bibi, umeona?" Nikamjibu nimeona. Akasema, "Basi kawaambie kabla hujasahau." Nilikasirika, si naye, bali na wote waliomfanya aamini kuwa jambo kama lile husahaulika kati ya chumba na baraza.

Shauri lilipotajwa, Bakari alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya vito iliyoshonwa na mama yake, ambayo Bodo nzima iliijua. Hakukana kuwa mkewe ana makovu.

"Sheikh, mimi mke wangu simkatai," alisema. "Nampenda. Lakini ana pepo. Humpanda ghafla akajitupa chini, akajigonga kisimani, akajigonga mlangoni. Mimi ndiye ninayemwokota. Muulize mjomba wake, kila mara alimrudisha kwangu."

Mzee Suleimani aliulizwa. Aliinamisha kichwa, akasema kweli alimrudisha, kwani alitaka nyumba isimame.

Kadhi wetu alikuwa mtu mzito wa kuamua na mwepesi wa kusikia. Aliniuliza nimeona nini, nikasema. Akaniuliza kama makovu yanasema ni mkono wa nani. Nikasema hayasemi. Mashahidi wa Bodo walikuwa wamesikia kelele, lakini aliyeona hakupatikana, kwa kuwa nyumba ya mtu ina mlango na mlango hufungwa. Hapo kadhi akaamua lile ambalo vitabu vyake vilimruhusu, na ambalo nyinyi mabinti hamkuwahi kuliona likifanyika: mume na mke watolewe kwao, wakakae jirani na mtu wa amini, atazame, kisha aje aseme nani anamdhuru nani. Mtu wa amini nilikuwa mimi Mwanasha, na mahali ni nyumbani kwangu. Muda ulikuwa mpaka mwezi uandame mara ya pili. Wakionekana wanaishi kwa wema, na yale mengine ni pepo kweli, Mejumaa atarudi Bodo na mumewe.

Nyuma ya pazia Mejumaa alisema kwa sauti, bila ruhusa, "Sheikh, nimekimbia nyumba yake, nawe wanipa chumba kimoja naye?"

"Chumba hicho hakina mlango, mwanangu," kadhi akamjibu. "Kina pazia. Na ng'ambo ya ukumbi yuko Bi Mwanasha."

Nawaambia wazi kuwa sikuupenda uamuzi ule, na leo siupendi. Ilikuwa kumtaka mtu aliyeungua akae tena karibu na jiko ili tujue kama ni jiko lililomuunguza. Lakini hiyo ndiyo njia iliyokuwapo, na niliazimia kwamba kama lazima ipitwe, basi macho yangu hayatasinzia. Kanuni ya kazi ile ilikuwa kali: nisimhoji mke wala mume, nisizungumze nao habari ya shauri, asije mtu akasema maneno yamepikwa. Natazama, basi.

Wakahamia. Bakari aliiacha biashara yake mikononi mwa nduguye, akaja na godoro, mswala na tabasamu. Kila asubuhi nilipofungua mlango alikuwa wa kwanza, "Shikamoo Bi Mwanasha," na alikuwa na umri unaokaribia wangu. Alimtekea mkewe maji mwenyewe. Alinunua samaki, akawaparua mwenyewe, akamsifia mkewe wali hata ulipoungua. Wanawake wa kisimani walianza kumtamani waziwazi. Mmoja aliniambia kama huyu ndiye mume mbaya, basi kadhi amgawie yeye.

Mejumaa naye, ukimtazama kwa jicho la kupita njia, ndiye aliyekuwa na kasoro. Wali uliungua kweli, kwa kuwa alisimama na mwiko mkononi akisahau alilokuwa akilifanya. Alisema amekula kumbe hajala, halafu nikaona mkate ameuficha chini ya mkeka. Ndoo ikianguka uani, alijibana ukutani. Alijibu kabla hajaulizwa na aliomba radhi kabla hajakosa, na siku moja alimkanyaga kuku wangu akamwomba kuku radhi mara kadhaa, kwa heshima zote. Nilicheka, halafu nikaona hacheki. Alilala ameketi, mgongo ukutani, uso kwenye pazia. Mtu akimjia upande wa sikio lisilosikia aliruka, akapiga kelele, na Bakari alitoka haraka akamshika bega, akasema kwa upole ili uani wasikie, "Tulia mke wangu, ni pepo tu, tulia." Akiguswa bega hivyo alinyamaza papo hapo, na wanawake wakastaajabu jinsi mume alivyo dawa.

Wakaanza kusema apungwe. Bibi mmoja alijitolea kumleta mganga na ngoma zake. Bakari alisema yeye hana neno, ila wamwachie kadhi aseme kwanza. Niliona shauri linavyoelea kuelekea Bodo. Kila siku niliyokuwa nikikaa kimya, kila jambo ambalo Bakari alikuwa amemfanyia mkewe zamani lilikuwa likitoka hadharani na kushuhudia dhidi ya mke mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko makovu. Makovu angalau yalikuwa hayamfanyi achekwe kisimani.

Nikaenda kwa Bi Halima, nikakaa karibu na kitanda chake, nikamwambia kazi imenishinda kwa kuwa mume hagusi.

"Nimekuambia umtazame mume?" aliniuliza.

"Namtazama mke. Anashtuka kila saa."

"Kila saa anashtuka sawasawa?"

Nilirudi nikiwa nimelibeba swali hilo. Na kweli, nilipoacha kuihesabu mishtuko yote kuwa mmoja, niliona iko aina mbili. Ndoo, kuku na sauti za ghafla zilimfanya aruke. Lakini kulikuwa na nyakati ambazo hakuruka. Aliacha kila alichoshika, akashuka chini polepole mpaka pembeni, akafunika kichwa kwa mikono miwili, na mkono ule ulioungwa vibaya ndio aliotanguliza juu. Hakupiga kelele. Pumzi yenyewe aliizuia. Siku moja nguo yake ililowa, naye hakusogea.

Nikarudi nyuma kutafuta kinachotangulia. Sauti hakuna. Ugomvi hakuna. Bakari katoka msikitini, kaingia, kasema salamu alekum. Nilikaa ukumbini nikichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa, pazia limefungwa nusu kwa joto, na nikaona. Ni kofia. Kila mtu huvua kofia nyumbani kwake, na yeye akienda kuoga aliivua akaitundika kwenye msumari, na Mejumaa akaendelea kukuna nazi kama hakuna lililotokea. Lakini siku nyingine, mkewe akiwa amekosea jambo mbele za watu, wali ukiwa umeungua au jibu likiwa limechelewa, aliivua kwa mikono miwili, akaikunja katikati kwa utaratibu, akailaza kwenye kizingiti cha dirisha. Kisha alikaa. Hakufanya chochote zaidi. Alikaa tu akimtazama jinsi anavyoshuka chini, halafu baada ya muda akaichukua kofia, akaivaa, akatoka uani kuniuliza kama nina haja ya kuni.

Nililitazama hilo tena na tena mpaka nikawa na hakika. Msumarini, hakuna kitu. Dirishani ikiwa imekunjwa, anashuka. Sikujua maana yake, na sikuwa na ruhusa ya kuuliza. Ilinibidi niingie jikoni nimpe mgongo, kwa kuwa nilitamani kumshika yule mwanamke na kumwambia nimeona, na kumwambia ilikuwa kumharibia. Mtu asiseme kazi yetu haina mazito kwa kuwa tunaketi.

Mwezi uliandama, tukarudi barazani. Wazee wa Bodo walikuja wakaujaza mkeka, Mzee Suleimani kati yao, mikono mapajani. Bi Halima aliletwa kwa machela akilalamika njia nzima kuwa wabebaji hawaendi sawa. Kadhi aliniapisha kwa mas'hafu, akaniuliza nimeona nini katika nyumba ya amini.

Nikasema. Nilianza na yale yasiyomfaa Mejumaa, kwa kuwa nilikuwa nimeapa: wali, mkate, kuku, kelele. Wazee wakatikisa vichwa. Nikasema Bakari hakumpiga hata mara moja mbele yangu wala sikusikia akimtukana. Bakari akashusha macho kwa unyenyekevu. Halafu nikasema habari ya kofia, ya msumari na ya dirisha, bila kuongeza chumvi.

Mtu mmoja nyuma akacheka, na Bakari naye akacheka kidogo.

"Sheikh, sasa nimekuwa mkosa kwa kuvua kofia chumbani mwangu?"

Kadhi hakucheka. Aligeukia pazia. "Mejumaa binti Juma, umesikia alivyosema Bi Mwanasha. Una la kusema?"

Sikujua kama atajibu. Alikuwa ameketi kando yangu, vidole vya miguu vimekunjana, na mimi nilikuwa nimekwisha kujifunza kuisoma miguu hiyo. Kisha vidole vikakunjuka.

"Sheikh, naomba pazia liondolewe. Nataka kusema nikimwona."

Kadhi alifikiri, akaniashiria. Nikalivuta. Mejumaa akasimama, buibui limemfunika mpaka kwenye nyusi, uso u wazi, akamwelekea mumewe. Sauti yake ilianza chini sana.

"Kofia ile kaishona mamake. Hataki ipate damu. Kwa hiyo kwanza huivua. Huikunja, huiweka mahali pa usalama. Asipoikunja, siku hiyo nimepona. Akiikunja, najua. Mkono huu niliutanguliza kukinga kichwa, ndio ukavunjika. Pale kwa Bi Mwanasha hakunigusa, ni kweli. Aliikunja tu, akakaa kunitazama. Alikuwa akinionyesha kuwa amri ni yake hata kadhi akiwa ng'ambo ya ukumbi. Sina pepo, Sheikh. Nina mume."

Ni wakati huo Bakari alipokosea. Sidhani kama alikusudia. Nadhani mikono yake ilikuwa imezoea, na mkewe hakuwa amewahi kumjibu mbele ya watu kwa kirefu namna ile. Kwetu mwanamume haketi mbele ya kadhi kichwa wazi. Hata mlevi akiletwa na askari huazimwa kofia mlangoni. Bakari aliinua mikono yote miwili, akaivua kofia, akaikunja katikati, akailaza juu ya goti lake, akamkazia macho.

Kila mtu aliona. Mejumaa aliona kabla yao. Nilimwona ameanza kushuka, mkono wa kushoto ukianza kupanda kuelekea kichwani. Mimi mkono wangu ulikuwa karibu naye kabisa na kanuni ilinikataza kumshika shahidi anaposema. Sikumshika. Ni jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya nikiwa kazini, na nililifanya kwa kuwa nilitaka kila atakachosema kiwe chake.

Mkono ulifika kwenye bega ukasimama. Akaushusha.

"Hapa ndipo huwa nakwenda chini," alisema. "Leo naendelea." Na akaendelea. Alieleza mwaka kwa mwaka, kisa kwa kisa, kovu gani la lini, huku anatetemeka mwili mzima na maneno hayatetemeki. Alimtaja mjomba wake na zile mara tatu, na Mzee Suleimani akaficha uso kwa shali. Bakari aliitazama kofia juu ya goti kama aliyeikuta pale. Alipotaka kuivaa, kadhi alimwambia, "Iache hapo hapo. Nataka niione mpaka amalize."

Kadhi alivunja ndoa ile siku hiyo hiyo. Habari ya mkono na sikio aliipeleka kwa mudiri, hakimu wa serikali, na Bakari akafungwa, ingawa kwa maoni yangu alifungwa kidogo. Jioni wanawake wa kisimani walikuja kwangu na sahani za chakula zilizofunikwa. Sikuwapokea kwa uchangamfu.

Sasa nisikilizeni nyinyi mabinti, kwa kuwa hapa ndipo wengi mnapodhani kazi imekwisha. Hukumu haikumlaza Mejumaa chali. Alikalia eda kwangu, na katika eda ile yote aliendelea kulala ameketi. Mtu akivua kofia njiani alitafuta ukuta. Aliendelea kuficha mkate, nami niliendelea kuuoka zaidi. Siku nyingine alinikasirikia bila sababu, akavunja kikombe changu kizuri, akakaa akisubiri nimfanye kitu. Nikampa ufagio. Alilia sana siku ile, na baadaye akaniambia hakujua kuwa kikombe kikivunjika kinaweza kufagiwa tu. Mnapoletewa mwanamke wa namna hii, msitarajie ashukuru, wala msitarajie apendeze. Mwaminini hivyo hivyo alivyo, na kazi iliyobaki ifanyeni polepole.

Eda ilipokwisha alisema anataka kitanda chake. Kilikuwa kitanda cha mninga chenye miguu ya kuchonga, alichopewa na mama yake, na kilikuwa bado Bodo, nyumbani kwa Bakari. Bakari alikuwa amekwisha toka kifungoni, amerudi kwenye barza yake mbele ya duka la boriti, na wanaume wa Bodo walikuwa wameanza kuketi naye tena. Mzee Suleimani alisema yeye atakwenda kukichukua kimyakimya, akipitishe njia ya nyuma kwenye minazi mpaka barabarani kwenye lori. Nilimwona mzee amekonda, na nia yake, kama kawaida, ilikuwa njema.

"Hapana, mjomba," Mejumaa akasema. "Tutakwenda wote mchana. Utakibeba wewe, na tutapita kwenye duka."

Tukaenda, mimi, yeye na mjomba. Dada yake Bakari alitufungulia nyumba. Mzee Suleimani alijitwika kitanda kichwani, miguu ya kuchonga ikiangalia juu, na Mejumaa akatangulia katikati ya njia, jua kali, watu wakitoka milangoni. Alikuwa akitembea upesi na vidole vya miguu vimekunjana. Tulipofika mbele ya duka, wanaume wote wa barzani wakatugeukia. Bakari alikuwa pale katikati yao.

Mejumaa akasimama.

"Mjomba, tua hapa."

"Hapa, mwanangu?" Mzee Suleimani akauliza, shingo imemtoka mishipa. "Twende mbele kidogo, pale kuna kivuli."

"Hapa. Nimechoka."

Mjomba akatua kitanda katikati ya njia, hatua tatu kutoka kwa Bakari. Mejumaa akawaambia wanaume, "Asalaam alekum," nao wakaitikia, wote isipokuwa mmoja. Akaketi kwenye kitanda chake, akaomba maji dukani, akaletewa kata. Akainywa polepole, akinyoosha miguu yake mbele mpaka vidole vikalala, huku mjomba wake amesimama juani akimngoja. Hatukuondoka hapo mpaka aliposema kuwa amepumzika.